Uzi wa Bluu kwenye Kola

Katika chumba kizima cha dobi, hakuna aliyelala usingizi mtamu kama Mnyoosho. Alisema hivyo mwenyewe, pasi mkononi.

"Nikigusa mto tu, nimekwenda. Dhamiri yangu haina mikunjo, jamani."

"Na hayo macho mekundu?" akauliza dada wa mapokezi.

"Mvuke."

Mvuke gani! Siku ya tatu hiyo hajapata usingizi. Pale kila fundi wa pasi hushona uzi wake ndani ya kola, ili nguo ikiharibika ajulikane wa kuulizwa. Wa Mnyoosho mwekundu, wa shangazi yake wa bluu. Jumatatu aliacha pasi juu ya shati la hariri la mteja, akaenda kupiga soga. Kurudi, mgongoni pana alama ya kahawia, umbo la pasi kamili hadi ncha. Akafumua uzi mwekundu, akashona wa bluu. Jumanne shangazi akaambiwa akae nyumbani mpaka bosi aamue kama atamfukuza. Shangazi yuleyule aliyemwombea kazi.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, Mnyoosho aliingia stoo ya sabuni, akarudishia mlango. Alikuwa amesikia kwamba mtu akikaa kimya akahesabu pumzi zake, moyo hutulia. Akakaa juu ya gunia, akafumba macho. Moja. Mbili. Ya tatu ikaja na harufu ya hariri inayoungua. Akaanza upya, safari hii akamwona shangazi anakunja aproni yake taratibu, hamnunii mtu. Akajitetea kimoyomoyo: yeye wanamheshimu, watamsamehe. Kimya hakikumbishia, na hapo ndipo alipoumia, maana humo ndani wa kudanganywa alikuwa yeye peke yake.

"Niliunguza mimi," akasema kwa sauti, ajisikie tu. "Uzi nilibadilisha mimi. Nilimwogopa bosi."

Kifua kikalegea. Pumzi ikashuka hadi tumboni, mara ya kwanza tangu Jumatatu. Raha ile ikamnong'oneza aishie hapohapo: amekiri, ametulia, kwani lazima dunia nzima ijue?

Akafumbua macho. Mlango ulikuwa wazi, na shangazi amesimama na mfuko wa plastiki. Alikuja kuchukua kandambili zake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu." Hakumpisha mlangoni. "Yamekutoka vizuri. Bosi yumo ofisini. Inuka ukayarudie kabla hayajapoa."