Mkutano wa Mtu Mmoja

Mwaka walipokamatwa Marafiki wa bonde letu, Wakristo wa dhehebu dogo waliojiita hivyo, Tabitha Airey alibaki peke yake. Mumewe, Miles, alikuwa gerezani mjini kwa kukataa kula kiapo mbele ya hakimu. Marafiki hawaapi. Wanasema ukiapa leo ili uaminiwe, umekiri kwamba jana ulikuwa na ruhusa ya kudanganya. Wengi walifungwa pamoja naye, na waliosalia walipanda meli kwenda Amerika, akiwamo Ruth, binti yao.

"Twende, mama," Ruth alimsihi. "Hapa utakaa na nani?"

"Baba yako akitoka amkute nani?"

Miles hakutoka. Homa ya gerezani ilimchukua kabla theluji haijayeyuka, akazikwa kabla mkewe hajapata habari.

Siku ya Kwanza iliyofuata, kama Marafiki waitavyo Jumapili, Tabitha aliwalisha kondoo, akavaa shali yake ya kijivu, akapanda kilima mpaka nyumba ya mkutano. Nyumba ile haina madhabahu wala mchungaji, ni mabenchi matupu. Watu huketi kimya mpaka Nuru ya Mungu iliyo ndani yao imsukume mmoja wao asimame, aseme alichopewa. Tabitha aliketi upande wa wanawake, mahali pake pa siku zote.

Zamani kimya kile kilikuwa na joto. Ungesikia mzee akikohoa, tumbo la mtu likinguruma, kichanga kikinyonya, na katikati ya hayo yote kitu kikawashukia nyote kwa pamoja, mkatulia. Sasa ulikuwapo upepo tu. Alingoja mpaka miguu ikafa ganzi. Akarudi nyumbani, akala mkate wa shayiri na jibini akiwa amesimama, akalala. Wiki iliyofuata akaenda tena.

Majani yalipoanza kuchipua, askari wa kijiji, Rowland Beck, alikuja na watu wawili wenye marungu. Akausukuma mlango.

"Kwa amri ya mfalme, tawanyikeni!"

Tabitha akageuka. "Nitawanyike vipi, Rowland?"

Mmoja wa wale wawili akaangua kicheko. Uso wa Rowland ukaiva.

"Niite Bwana Askari! Wenzako umewaficha wapi?"

"Si wewe uliyewapeleka? Na bwana sikuiti. Nimekujua tangu unatokwa na makamasi."

"Sheria inakataza mkutano wa watu zaidi ya watano!"

"Basi nitafutie watano wengine, halafu unikamate. Mabenchi yapo."

Rowland aliwatoa nje wale watu wake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Tabitha, Miles ameshakufa. Nenda kwa mwanao. Unamkomoa nani hapa?"

"Simkomoi mtu. Leo ni Siku ya Kwanza, nimekuja mkutanoni."

"Na huyo Mungu wako anakwambia nini humu?"

Tabitha alitazama mikono yake.

"Tangu Miles afe, hajaniambia kitu."

 Rowland akatoka, akaurudisha mlango taratibu, kama mtu anayetoka kwa mgonjwa. Hakuja tena kumsumbua.

Kiangazi kikapita, na baridi nyingine. Tabitha aliketi, akangoja, akarudi nyumbani. Siku nyingine alisahau kabisa sauti yake ilivyo, mpaka amwite kondoo.

Kisha mfalme akatoa msamaha, na wafungwa wakarudi, wamekonda, ndevu ndefu. Siku ya Kwanza hiyo mabenchi yalijaa nusu. Jirani yake, Agnes, naye aliyetoka gerezani, aliketi kando yake. Upande wa wanaume, kijana mgeni kutoka bonde la pili, asiyejua, alikaa mahali pa Miles.

Tabitha, ambaye hakuwa amelia hata siku moja tangu Miles afe, alilia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika. Agnes akasogea, akamshika mkono. Hakuna aliyemnyamazisha wala aliyesimama kusema neno. Nyumba nzima ilikaa kimya pamoja naye mpaka alipomaliza.