Jiwe la Tatu la Mnara wa Ansab

Rahila alifika Ansab, upande wa Maskati, mwaka 1966 na kanga mbili, cheti cha skuli na maneno ya marehemu baba yake, Marhoon, aliyezikwa Unguja: kwetu ni chini ya mnara wa wadini, Alasiri kivuli chake kikigusa jiwe la tatu, maji ni yetu. Mitende sita ya Marhoon ilikunywa kwa zamu kutoka falaji, mfereji wa mji mzima, na zamu ilipimwa kwa kivuli. Bila zamu mitende ingekufa, na Rahila asingekuwa na pahala pa kusema hapa ni kwetu.

Mnara hakuuona. Ukingo wa wadi, bonde la mto mkavu, ulikuwa mtupu.

Ami yake Thani, aliyewahi kukaa Unguja ujanani, alimkaribisha kwa halua na kahawa, akamwambia mnara haukuwapo kamwe.

"Baba ako akipenda hadithi, mwanangu. Angeishi zaidi angekwambia tulikuwa na jumba la kifalme."

Mkewe Shaikha alimwambia jikoni kuwa ulikuwapo, ila mafuriko yaliuchukua zama za mababu. Jirani Nasriya akasema upo mpaka leo, lakini kwenye wadi nyengine. Uongo mmoja Rahila angeuamini; mitatu ilimnyima usingizi.

Tangu hapo akawa mtu wa kutazama. Kahawa hakuinywa mpaka wenyewe wainywe. Aliona zizi la mbuzi la Thani limejengwa kwa udongo, lakini pembeni mna mawe makubwa ya kuchongwa, na moja limeungua jeusi upande mmoja. Mbuzi hawawashi moto. Jiwe kama hilo aliliona kwenye kizingiti cha mzee Bakhit, msimamizi wa maji. Na watu walikatiza maneno akipita yeye, waliyemwita yule wa Zinjibari, yaani Unguja.

Makuti ya mitende miwili yakaanza kukauka.

Akaenda ukingoni, pale Bakhit aliposimamisha kigogo cha kupimia kivuli. Karibu na kigogo palikuwa na vijiwe sita, kila kimoja zamu ya ukoo mmoja. Mbali zaidi, hatua ishirini hivi, aliona mawe mengine mazito yamezama ardhini kwa safu. Akayahesabu mara mbili. Yalikuwa saba.

Kesho yake Alasiri, watu walipokusanyika kugawa maji, alimsalimu Bakhit kwa adabu, kisha akamuuliza kivuli cha kigogo hufika wapi saa hiyo. Mzee akaonyesha vijiwe.

"Na yale kule, ami Bakhit, yalikuwa ya kivuli cha nini? Tena yale saba, haya sita. Nani mmemsahau?"

Thani akacheka, akasema skuli za Unguja zilifundisha wanawake kuhesabu mawe.

"Kama hayana wenyewe," Rahila akasema, "yang'oeni."

Hakuna aliyesogea. Falaji ile ile ndiyo iliyopita msikitini, na anayeng'oa jiwe la maji la mwenziwe huyafanya maji yote ya dhuluma. Nani tena atatawadha? Mnara waliweza kuubeba jiwe kwa jiwe. Mawe ya maji hawakuthubutu.

Bakhit akaketi chini. Akaeleza kuwa mnara ulijengwa na watu wa kale, kabla Mreno hajaiona Maskati. Walinzi walikaa juu kutazama nani anapanda wadi kuja kuwazibia maji. Wakimwona huwasha moto, na mji mzima huingia ndani na mbuzi wao. Mafuriko yalibomoa upande mmoja tu. Uliobaki waliugawana, wakati Marhoon keshavuka bahari.

"Ami yako alisema kaka yake harudi, tusimwekee kijiwe, zamu yake ataichukua yeye. Nikamwamini. Nlikuwa na haja ya kizingiti."

"Jiwe la tatu la nani?"

Mzee alimtazama Thani, kisha akainamisha kichwa. "La Marhoon."

Siku ile ile kijiwe cha saba kikawekwa, na Rahila mwenyewe akakipimia nafasi kwa upindo wa kanga. Jioni Thani alimpelekea halua. Aliipokea, akashukuru, akaiweka pembeni.

Mitende mitano ilinusurika. Mpaka Bakhit anafariki, Rahila hakukosa kufika kwenye kigogo Alasiri hata moja. Maji yakimpita miguuni alimsomea baba yake Fatiha, midomo ikisoma, jicho halibanduki kwenye kivuli.