Mabati Kumi na Sita

Mimi ni dobi, na dobi hasahau nguo. Sura nasahau, majina ndiyo usiseme, lakini niletee shati nililolifua miaka kumi iliyopita nitakwambia mwenyewe alikuwa anatokwa jasho zaidi kwapa gani. Kwa hiyo siku ile nilipopindua kola ya sweta moja la kahawia nikakuta uzi wa kijani, mishono mitatu mifupi na fundo, sikuhitaji mtu wa kunieleza. Uzi ule niliushona mimi kwa mkono wangu. Sweta lilikuwa la mwanangu.

Kila mteja wangu ana rangi yake. Nashona chini ya kola, pasipoonekana, ili nguo za huyu zisije zikaenda kwa yule nikatukanwa bure. Mwalimu ana nyekundu, mwenye duka la dawa ana njano. Kijani sijampa mteja yeyote tangu nianze kazi hii. Ilikuwa ya mwanangu tangu anatambaa, kwa sababu nilimzaa mmoja tu na nilitaka naye awe na rangi yake.

Furushi lile lililetwa na dada wa kazi wa nyumba moja ng'ambo ya barabara kuu, wateja wapya, wiki ya tatu hiyo. Mashati matano ya ofisi, suruali tatu, sweta hilo, na vigauni viwili vya mtoto mdogo vyenye madoa ya uji kifuani. Wiki tatu nzima nafikicha kola za mwanangu, natia wanga, napiga pasi mpaka zinasimama zenyewe, sina habari! Miaka sita nilikuwa sijamtia machoni.

Dada wa kazi aliporudi kuchukua nguo nikamkaribisha akae.

"Baba mwenye nyumba yako anafanya kazi wapi?" nikamuuliza, najifanya nahesabu vibanio.

"Ghalani, bibi. Lile ghala kubwa la vifaa vya ujenzi. Siku hizi ndiye mkuu wao."

"Mashallah. Na mama yake yupo?"

"Mama yake alishafariki zamani. Mwenyewe ndivyo anavyosema."

Loo! Nilikaa juu ya beseni lililofunikwa, nikasikia plastiki inalia chini yangu. Nikampa furushi lake lote, sweta tu ndilo nililolificha nyuma ya ndoo. Tangu nianze udobi sijawahi kubakiza nguo ya mtu, hata soksi yenye tundu.

Sasa nikwambie kwa nini. Nina mjukuu. Jina lake analo, lakini sote tunamwita Pengo, maana meno mawili ya mbele yamemtoka na mapya yanakuja kwa kujivuta. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wangu ana miaka saba na anapenda kupanga vibanio kwa rangi.

Ni mtoto wa mwanangu. Mama yake alimleta kwangu ana miaka miwili. Alikuja amekonda, kifua kinamkwaruza, akasimama hapo mlangoni bila kuvuka kizingiti. "Mama, safari hii sikuja kuomba," akaniambia. "Nimekuja kumleta huyu. Sina pengine." Mwezi haukuisha tukamzika. Nilimwangalia mtoto masikio tu, yale masikio ya marehemu baba yangu yaliyochomoza kama vishikio vya sufuria, nikajua nimebebeshwa haki yangu.

Nimemlea miaka mitano kwa mikono hii. Ila mikono imeanza kunitoka. Vidole vinakufa ganzi, asubuhi siwezi kufunga kifungo. Daktari aliniambia waziwazi: "Bibi, achana na maji baridi na sabuni kali, la sivyo ndani ya mwaka hutaweza hata kushika kijiko." Nikamuuliza nani atamlisha mtoto. Akaandika kitu kwenye karatasi. Ndiyo maana ule uzi wa kijani niliuona kama mkono wa Mungu. Baba yupo hai, ana cheo, anavaa shati safi kila siku. Basi naye amtunze mwanawe kabla mimi sijaishiwa.

Nikaenda ofisi ya ustawi wa jamii. Kuna afisa pale, mama wa makamo, miwani ameifunga kamba, mpole ila macho makali. Alinisikiliza, akaandika, akampelekea mwanangu wito kule ghalani. Nilipotaka kuondoka akaniuliza, "Hili shauri limewahi kufika hapa?"

Nikamwambia sikumbuki.

Hapo nilidanganya, na wewe msomaji usinikodolee macho, nitakwambia zamu yake ikifika. Nilidhani karatasi nazo huoza.

Baada ya wiki mbili tulirudi, mimi na Pengo. Nilimvalisha gauni la buluu nililolipiga pasi mara mbili. Sweta nililiweka kwenye mfuko, nimelikumbatia. Mwanangu alikuwa ameshafika. Amenenepa. Alikuwa amevaa lile shati la mistari ambalo mfuko wake niliurudishia mimi uzi, kwa hisani tu, sikulipwa.

"Shikamoo, mama," akasema.

Mama aliyekwisha kunizika! Nikajikuta nimeitikia, "Marahaba." Ulimi una mazoea yake.

Pengo alikuwa anamtazama viatu. Yeye hakumtazama Pengo hata mara moja. Mwanamume mzima, anahesabu vigae vya sakafu.

Afisa akafungua shauri, akauliza kila mmoja ana nini. Mimi sikungoja. Nikatoa sweta, nikalitandaza mezani juu ya makaratasi yake, nikapindua kola. "Huu hapa uzi wangu," nikasema. "Kijani. Hakuna mwingine mjini hapa mwenye uzi huu. Akane tena kama si mwanangu."

Nilikuwa nimejiandaa wiki mbili kwa maneno hayo. Yule afisa alivua miwani, akaugusa uzi kwa kidole, kwa heshima kabisa. "Ni kweli, mama," akasema taratibu. "Huu uzi unaonyesha kwamba huyu ni mwanao. Lakini hilo hakuna anayelikana. Tunachouliza ni kama mtoto ni wake."

Yaani sikuwa nimelifikiria. Nakuapia. Katika udobi, ukishaonyesha uzi, maneno yamekwisha.

"Na hilo sweta nimelitafuta nyumba nzima," mwanangu akasema. "Sasa hata nguo zangu unaiba?"

Nililikunja. Nikalisukuma upande wake wa meza.

Kisha akakaa sawa, akakunja mikono kifuani. "Afisa, mimi sina maneno mengi. Lipo faili la zamani hapa. Litafute, usome alichosema mama yangu mwenyewe."

Afisa alikuwa nalo tayari. Lilikuwa chini ya mkono wake muda wote, jalada limepauka, kona zimeliwa na mende. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Akanitazama kwanza, kama mtu anayeomba radhi, halafu akasoma:

"'Huyu binti simfahamu. Mwanangu hajawahi kumleta nyumbani kwangu. Huyo mtoto si damu yetu, na mama yake anahangaika tu kutafuta pa kumbandika.'" Akageuza karatasi kunielekea. "Hili dole gumba ni lako, mama?"

Nilikuwa nalifahamu kama ninavyofahamu madoa. Hata lile kovu la pasi katikati lilionekana.

"Ni langu."

"Uliyasema haya chini ya kiapo. Kwa nini?"

Pengo alikuwa ameshika upindo wa gauni langu. Afisa akamwona, akasema, "Labda mtoto atoke nje kidogo?" Nikatazama mlango. Lile benchi la nje lilijaa watu wageni, na Pengo alishaniganda. Tena nilijua jambo moja: nikinyamaza, karatasi ile ndiyo itakayobaki ikisema, na mtoto huyu atakuwa hana baba mpaka kiama. Nikasema.

Nikasema kwamba mama yake Pengo alikuja kwangu mtoto akiwa na miezi minne, amembeba mgongoni, akaniomba nimsemee kwa mwanangu. Nilikuwa namfahamu vizuri sana. Alikuwa amekula nyumbani kwangu, ameniosha miguu nilipougua. Nikamfungia mlango. Alipokuja kushtaki hapa ofisini, mwanangu alinijia usiku wake anatetemeka, ndiyo kwanza ameajiriwa ghalani, anaogopa kukatwa mshahara. "Mama, nisaidie hili moja tu," akaniambia. Uchungu wa mwana nao! Nikaja hapa, nikaapa, nikaweka dole. Yule binti alikuwa amekaa pale, kiti kile kile cha mwanangu. Alinitazama tu.

"Na yeye akakupa nini?" afisa akauliza. Nilikwambia ana macho makali.

Ningeweza kusema hakunipa chochote. "Mabati," nikasema. "Mabati kumi na sita. Nyumba yangu ilikuwa inavuja. Akaniletea mabati kumi na sita na misumari, akamlipa na fundi. Baada ya hapo hakurudi tena."

Mwanangu akacheka, kicheko cha pembeni. "Unaona, afisa? Juzi aliapa hivi, leo anaapa vile. Kesho atasema nini? Mimi mama yangu namfahamu, ni mwongo."

Nilitaka kumzaba kibao. Lakini ningemzaba kwa lipi? Uongo alijifunzia mdomoni mwangu. Wadai wake, walimu wake, wasichana wake, wote walipopiga hodi ni mimi niliyejibu "hayupo," yeye yuko mvunguni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tena mimi sikuwa hata na wa kumsingizia.

Afisa akashika kalamu. Akaandika muda mrefu. Akanieleza kwamba shauri sasa linakwenda mahakamani, kwamba hakimu ndiye atakayeamuru mtoto na baba wapimwe damu, kwamba tarehe ya karibu ni miezi mitatu mbele, na pengine isiwe ya mwisho. Kisha akashusha sauti. "Na wewe, mama, kufuta kiapo cha uongo ni kukiri kwamba uliapa uongo. Wanaweza kukuuliza kwa hilo. Unaelewa?"

"Naelewa. Niletee wino."

Nikaweka dole jingine. Kovu la pasi lile lile.

Mwanangu alitoka kwanza, na sweta lake mkononi. Furushi lake halijaletwa tena tangu siku hiyo, kwa hiyo hata ile hela ya kufulia, hela yake pekee iliyopata kumfikia mtoto wake, nayo nimeikosa.

Tukarudi kwa miguu, mimi na Pengo. Huyu mtoto ni kinanda, hanyamazi hata akila, lakini siku ile alitembea pembeni yangu kimya, mkono wake hajanipa. Nikamnunulia embe, akalibeba tu.

Tulipokaribia nyumbani wingu likawa limeshafunga. Nguo za watu zilikuwa kambani! Tukakimbia wote wawili, yeye anachomoa vibanio, mimi nakumbatia mashuka, tukaingiza ndani hata la mwisho, na mvua ikamwagika. Nikaanza kupanga nguo kitandani. Juu yetu mabati yalikuwa yanapigwa kwa kishindo, na hakuna tone lililoingia. Halijawahi kuingia tone. Fundi yule alijua kazi.

Pengo alikuwa amesimama katikati ya chumba, ameinua uso juu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anahesabu.

"Bibi," akasema, "ndiyo haya?"

"Ndiyo haya, mama."

Akaliweka embe mezani. Akachukua kigoda chake, akafungua mlango, akatoka akaenda kukaa kule kwenye banda la kufulia, chini ya lile turubai lililochanika. Mvua ilikuwa inamrukia miguuni. Nikamwita mara mbili. Hakugeuka.

Nikachukua kiti changu, nikamfuata. Sikumwambia aingie. Tukakaa hapo mpaka mvua ikakatika, gauni lake la buluu limemganda mwilini na mimi nimelowa chapachapa, na ndani nguo za watu zote zilikuwa kavu.