Godoro la Bibi na Kochi la Jirani

Saa nne asubuhi mkurugenzi wa shirika la misaada aliinama mlangoni, akaingia, akaona kochi. Uso wa huruma aliouvaa tangu garini ukamtoka papo hapo.

Mwanafunzi aliyemfuata na kamera alikuwa wiki ya tatu ya mafunzo kwa vitendo. Alisomea ustawi wa jamii, na wiki hizo zilitosha kumfundisha kwamba pale shirikani familia ilisaidiwa ikishapigwa picha, na ilipigwa picha ikifanana na maskini. Kukosa hakukutosha, ilibidi ukose kwa kuonekana.

Nyumba hii ilikosa godoro. Bibi, mama mkwe wa mama wa nyumba, alivunjika nyonga mwaka uliopita, na tangu hapo alilala mkekani. Kila asubuhi aliinuliwa na watu wawili. Dereva wa shirika alikwisha kuliingiza godoro la msaada na kulilaza chini kando ya mkeka, na bibi, bila kungoja hotuba, alikwisha kujiviringisha kutoka mkekani na kujinyoosha juu yake.

"Mama, hili kochi?" mkurugenzi aliuliza.

"La jirani, baba. Tumeliazima mpate pa kukaa."

"Na watoto mbona wamependeza hivi? Wavae za kila siku. Zile zilizochanika."

"Zilizochanika ni tambara la kudekia. Nikuletee uvae wewe?"

Dereva alikohoa, ingawa hakuwa na mafua.

Mkurugenzi alimgeukia mwanafunzi, akaeleza kwa sauti ya mhadhara kwamba mfadhili akiona kochi atasema shirika linawagawia wenye nacho. Kwamba huruma nayo ina vigezo. Alikuwa na shahada mbili. Mwanafunzi alijiuliza ni ipi kati ya hizo iliyomfundisha kuogopa kochi.

"Tunapeleka kwa familia nyingine. Dereva, toa godoro."

"Mgongo, bosi," alisema dereva, akautafuta mgongo wake kwa mkono.

"Bibi, tafadhali amka."

"Niamke wapi, mjukuu wangu? Nimeshalala. Nibebe nalo."

Mkurugenzi alikunja mikono ya shati, akashika pembe mbili za godoro, akavuta. Likasogea shubiri moja, na bibi juu yake ametulia kama abiria mwenye tiketi. Akavuta tena, shingo imemvimba, jasho likimdondokea bibi miguuni.

Kamera ikalia.

"Unafanya nini wewe?"

"Napiga picha, bosi. Si ndiyo kazi uliyonipa?"

"Futa!"

"Nitafuta tukiwa garini. Godoro likibaki."

"Unamjua anayekujazia alama?"

"Namjua. Ametokea vizuri sana kwenye picha."

Mama wa nyumba aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mkurugenzi aliitazama kamera, akamtazama bibi, kisha akaachia pembe moja, na baadaye ya pili.

Saa nne na nusu gari liliondoka. Godoro lilibaki chini ya bibi, naye alikuwa anakoroma.