Alama ya Chini Hutupwa

Homa ndiyo iliyoleta sheria ile. Kila jaribio pale shuleni Korogwe lilimkuta mwenzetu mmoja anatetemeka chini ya shuka, mpaka Bwana Mdachi, mkuu wa shule, akachoka kugombana na mbu. Akatangaza: majaribio ni manne, kila moja alama ishirini. Ya chini kabisa inatupwa, tatu zinazobaki zinajumlishwa na kugawanywa kwa tatu. Wa kwanza atakalia kiti cha karani wa stesheni. Wengine, mashamba ya mkonge yapo, tena hayana mtihani.

Baada ya majaribio matatu, Semboja wa Bungu alikuwa na kumi na nane, kumi na saba na kumi na sita. Mhina wa Handeni alikuwa na kumi na tisa, kumi na tano, na nane aliyoipata siku ya homa. Mshambaa na Mzigua, watani hao. Mhina alishamlia mwenzake kuku, alishamvua kofia akaenda nayo msikitini, na Semboja hucheka tu. Mtani akikasirika, aibu ni yake.

Wiki ya jaribio la nne, Raheli, dada yake Semboja, alikuwa anaolewa huko Bungu.

"Nenda, mtani," Mhina akamwambia. "Ukikosa utapewa sifuri. Sifuri inakwenda wapi?"

"Inatupwa."

"Unabaki na ngapi?"

Semboja akapiga hesabu. "Hamsini na moja. Wastani kumi na saba."

"Sasa unaogopa nini? Mimi mwenye nane nitakufikia kwa ngazi? Nenda, uniletee ndizi."

"Na Bwana Mdachi?"

"Nitamwambia una homa."

Semboja akapanda mlima anaimba. Hesabu ilikuwa sahihi, na hapo ndipo palipokuwa na ubaya wake.

Mhina akakesha na kibao chake, akapata kumi na nane. Nane ikatupwa. Hamsini na mbili.

Semboja alirudi na mkungu wa ndizi kichwani, akakuta majina yameshasomwa.

"Ulitupa sifuri, mtani, ukabaki na kumi na sita shingoni," Mhina alimweleza huku anamenya ndizi. "Ungekuja ukapata kumi na nane tu, ungeitupa hiyo kumi na sita, ukanipita. Mimi niliiona hiyo. Wewe uliona harusi."

"Ulimwambia Bwana nina homa?"

"Aa, nilisahau. Nilimwambia una pilau."

Utoro ulikuwa viboko kumi uwanjani, na desturi ya shule, wa kwanza wa darasa ndiye anayehesabu kwa sauti. Semboja akalazwa kifudifudi. Askari akapiga, Mhina akahesabu vizuri, sauti ya karani kabisa. Cha nne kilikuja hafifu, mkono wa askari uliteleza kwa jasho. Ilipofika kumi, Semboja akaanza kujiinua.

"Bado, Bwana," Mhina akasema. "Cha nne kilikuwa kidogo kuliko vyote. Kwa sheria yetu, cha chini kinatupwa. Vinavyohesabika ni tisa, bado kimoja."

Bwana Mdachi akacheka mpaka akafuta macho. Na sisi tukacheka. Semboja, uso vumbini, naye alijaribu kucheka, maana aliyesema ni mtani.

Askari akafuta kiganja kwenye kaptura, akakishika kiboko vizuri.