Bunduki ya Mwalimu Kipngetich

Mwalimu Kipngetich alifika ofisi ya leseni mjini Eldoret saa mbili asubuhi, bunduki yake ikiwa ndani ya gunia la mahindi lililofungwa kwa kamba ya ndama. Ofisa Jackson alikuwa amempigia simu jana yake akamwambia ailete ikaguliwe.

Bunduki hiyo aliinunua kwa leseni mwaka ambao wezi walivamia boma la jirani huko Moiben, wakaondoka na ng'ombe wote. Sheria ilimtaka aiweke mahali salama, na haikusema zaidi ya hapo. Akaiweka stoo ya mahindi. Nyumbani kwake stoo ina kufuli mbili, na funguo zake hazilali mbali na mkewe Emmaculate. Chumba cha kulala kina pazia tu. Mkaguzi wa kwanza kutoka ofisi ya leseni alicheka, akasema stoo ni ya panya. Kipngetich akaenda Kimumu kwa Kabiru, fundi wa kuchomelea, akatengenezewa sanduku la chuma, akalijengea ukutani chumbani. Mkaguzi wa pili akakataa dirisha. Kipngetich akalitia vyuma. Wa tatu aliahidi kuja Jumatatu. Jumatatu nne zimepita.

"Mzee, leseni yako iliexpire siku kumi na moja zimepita," Jackson alisema.

"Si fomu yangu ya leseni mpya iko na nyinyi? Mlisema mkaguzi aone sanduku kwanza. Sijaona mtu."

"Hiyo ni mambo ya inspection. Na umetembea na bunduki kutoka Moiben bila leseni, tena kwa gunia."

"Afande, ni wewe umeniambia nilete!"

Jackson akavuta kitabu cha sheria mezani.

"Basi nionyeshe kwa kitabu hapo salama ni wapi. Nitajenga."

"Haijaandikwa. Salama ni pale ofisa ataridhika."

"Ofisa gani? Mmekuja wawili, kila mtu na yake."

"Ungekuja kuniona mapema, Mzee, tungeelewana."

Miaka thelathini Kipngetich alikuwa amefundisha, na hakuwahi kumwangusha mwanafunzi kwa swali ambalo jibu lake halimo kitabuni.

Jackson akaita askari wawili, wakamvua mshipi na viatu kama mahabusu. Akapewa karatasi ya mashtaka atie sahihi: kubeba bunduki bila leseni, na kushindwa kuiweka mahali salama. Alimfikiria Emmaculate, peke yake leo na ng'ombe saba na lile sanduku tupu ukutani. Akatia sahihi.

Jackson akaitoa bunduki guniani, akaangaza macho chumbani. Kabati lilikuwa limejaa mafaili, na kitasa chake kilivunjika zamani. Akaiegemeza nyuma ya mlango, kati ya ufagio na ndoo.

Mama wa chai akaingia na chupa yake. Mlango ukagonga bunduki, ikaanguka sakafuni.

"Afande, hii kitu niweke wapi?"

"Wacha tu hapo," Jackson alisema, akanyoosha kikombe.