Mstari wa Kumi na Nne

Jumatatu, saa tatu na nusu asubuhi, karani wa Kitengo cha Ufuatiliaji alikuwa amepanda juu ya kiti akifuta vumbi kwenye jedwali la ukutani, dada yake alipoingia na kuuliza kama anaweza kukaa. Dada alikuwa amezikwa wiki sita zilizopita. Alibeba beseni la plastiki la bluu, na ndani yake glovu, wembe, uzi na mshumaa, vitu ambavyo kila mjamzito wa mtaa wao huambiwa aende navyo zahanati.

"Umeandika kwenye kitabu cha wageni?" karani aliuliza, kwa kuwa ndilo swali alilozoea.

"Nimeandika. Yule mlinzi wenu angenipitisha bure?"

Baadaye karani alishuka kuhakikisha. Mahali pa "Unatoka wapi" dada alikuwa ameandika: makaburini. Mahali pa "Sababu ya kuja" alikuwa ameandika: ufuatiliaji. Mlinzi alitia saini pembeni na kuandika saa ya kuingia.

Kitengo kilikuwa na vyumba viwili na watu watatu: mratibu, karani, na mhudumu aliyeitwa Bi Chupa kwa sababu hakuonekana bila chupa ya chai kwapani. Kazi yao ilikuwa kufuatilia yale ambayo nchi ilikubali kwenye mikutano mikubwa ya nje. Mkutano wa maji ulikubaliana kila zahanati ipate tangi. Mkutano wa uzazi ulikubaliana kila zahanati ipate chumba cha kujifungulia, taa na mkunga. Mikutano ilikuwa mingi na kila mmoja ulidai taarifa yake, basi yote ikawekwa kwenye jedwali moja. Kijani maana yake imetekelezwa, njano inaendelea, nyekundu bado. Na ili taarifa zisigongane, mkutano mmoja ukishaandika kijani mahali fulani, mingine yote hunakili. Huo ndio uliokuwa uratibu.

Zahanati ya mtaa wao ilikuwa mstari wa kumi na nne. Tangi lilijengwa, mkutano wa maji ukapata kijani chake, na karani akakinakili kwenye safu ya uzazi. Alifanya hivyo Alhamisi moja kabla ya chakula cha mchana, kwa mkono uliotulia. Mkunga hakupelekwa, kwa sababu karatasi hazikuonyesha pengo lolote. Miezi mitano baadaye dada alikwenda pale na beseni lake, akawasha mshumaa wake. Mtoto alipona. Analelewa na bibi yake.

"Kule hawanipokei," dada alisema. Alivua kiatu, akakikung'uta kama alivyokuwa akifanya tangu utotoni, akakivaa tena. "Wanasema zahanati yetu haijapoteza mtu. Na wao wana jedwali lao, wamenakili la kwenu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo wameniambia nirudi nilikoandikwa nikarekebishe. Wifi yetu ana mimba ya miezi mingapi?"

"Saba."

"Basi badilisha huo mstari, mdogo wangu. Mimi nikalale, na yeye apate mkunga."

Karani alitazama chini. Ofisi ilikuwa na harufu ya sabuni ambayo dada alipenda kufulia, na tangu msiba hakuwa ameinusa.

"Nikiubadilisha, hutakuja tena?"

"Sijui. Kule hakuna anayejua kitu. Tunaambiwa tusubiri."

Bi Chupa aliingia, akamwekea mgeni kikombe. Chai haikupungua, ila ilipoa upesi kuliko ya wengine. "Huyu naye anakunywa kibosi," Bi Chupa alisema alipokuja kukichukua. "Anaitazama tu."

Mratibu alikuwa mtu mpole aliyevaa tai hata Jumamosi. Alimsikiliza karani mpaka mwisho, kisha akamgeukia dada. "Pole sana kwa msiba," alisema.

"Nimeshapoa," dada alijibu.

Mratibu alifungua mwongozo, akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Palikuwa na utaratibu wa kutoka nyekundu kwenda njano, na wa kutoka njano kwenda kijani. Wa kurudi nyuma haukuwepo. "Na kijani hiki kimeshasomwa nje," alisema. "Kilisomwa mbele ya wajumbe, wakapiga makofi. Makofi nitayarudishaje? Ingekuwa njano, ningeomba mkunga leo hii."

Jumanne karani alifika mapema, akapanda kiti na kuupaka mstari wa kumi na nne wino mwekundu. Kufikia saa sita ulikuwa umekauka kijani. Alipaka tena Jumatano, dada akimshikia kiti, ukakauka kijani. Mara ya tatu alibadilisha kalamu.

"Hata shuleni ulikuwa hujui kupaka rangi," dada alisema. "Ng'ombe wako wote walikuwa wa zambarau."

Wakacheka wote wawili. Karani aliona aibu kwamba wiki ile ilikuwa njema kwake kuliko wiki zote sita zilizotangulia.

Jioni alikwenda kwa wifi yake na kumwambia aende hospitali kubwa mapema, asingoje uchungu.

"Nimeshakwenda, wifi," alijibu, miguu yake iliyovimba ikiwa juu ya stuli. "Wamenirudisha. Wanasema mtaa wetu una zahanati iliyokamilika, niwaachie nafasi wasio nayo. Wamenionyesha na karatasi. Ina mwandiko kama wako."

Alhamisi walifika wengine. Walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja na beseni lake, wakitokea kwenye mistari mingine ya kijani. Wa mstari wa thelathini alikuwa na taulo jipya la mtoto, lebo ikiwa bado inaning'inia. Walikaa ukumbini kwa kufuata mpangilio wa jedwali, ingawa hakuna aliyewapanga. Mlinzi aliomba kitabu kipya cha wageni.

Mratibu aliagiza mabenchi. Alikuwa amekumbuka jambo. Mkutano mwingine, ule wa usawa, ulitaka wanawake wa ngazi ya mtaa washiriki katika ufuatiliaji, na safu yake ilikuwa nyekundu kwa miaka minane. Akawatengenezea vitambulisho vya kuvaa shingoni. Akamwita karani aipake ile safu kijani, naye akapaka. Ilikauka kijani mara ya kwanza hiyohiyo.

Ijumaa taarifa ya Kitengo ilitumwa nje. Karani aliandika barua ya ukurasa mmoja kuhusu mstari wa kumi na nne na kuibana nyuma. Baada ya wiki tatu jibu lilikuja: barua imepokelewa, na Kitengo kinapongezwa kwa ushiriki.

Siku ziliendelea, na mabeseni yakaongezeka. Wanawake walikuja saa tatu na kuondoka saa kumi, isipokuwa sikukuu. Wengine walimsaidia karani kupanga majalada. Dada hakuuliza tena kuhusu mstari, na karani hakujua kama alikuwa amemsamehe au amechoka. Hakujua hata kama alitaka kuulizwa. Alichojua ni kwamba kila asubuhi, kabla ya kufungua mlango, alisikiliza kwanza kama kuna kiatu kinakung'utwa, na akikisikia moyo ulitua.

Wifi aliingia mwezi wa tisa Jumapili. Jumatatu usiku kaka yao alipiga simu kusema uchungu umeanza, na kwamba wako njiani kwenda zahanati.

Jumanne saa tatu asubuhi Bi Chupa alisimama mlangoni na sinia. "Leo vikombe vingapi?"

Karani alihesabu mabenchi. Walikuwa ishirini na watatu. Alipofika mwisho aliona dada yake amesogea, ameacha nafasi ya mtu mmoja ubavuni pake, na ameweka beseni lake juu ya nafasi hiyo ili mwingine asiikalie.

"Ishirini na nne," alisema, akapanda kwenye kiti kufuta vumbi.